Tathmini ya huduma ya watoto njiti mjini Tanga: dawa za kulinda ubongo, na saa sita zilizopotea

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga ambao huenda siku moja wakalazimika kuamua, usiku na kwa haraka, mahali pa kumpeleka mama mjamzito ambaye chupa yake imepasuka kabla ya wakati. Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka jana, mimba ikiwa na wiki 29, akiwa na uzito wa gramu 1,150, na katika siku 41 tulizokaa wodini niliiona huduma ya watoto njiti kwa karibu sana. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kwa hiyo nilisoma kuhusu kila dawa iliyoingia mwilini mwangu na mwilini mwake, na nilimuuliza daktari maswali mengi kuliko kawaida ya wagonjwa wetu. Kituo cha kwanza nilichofikia sitakitaja, na hospitali tuliyolazwa pia sitaitaja, kwa sababu ninachotaka msomaji apate ni kipimo cha kuipimia huduma yoyote atakayoikuta mbele yake.

Watu wengi wanaposikia mtoto amezaliwa njiti huuliza habari za mapafu na uzito, na ni haki yao kuuliza. Ubongo huulizwa baadaye, mtoto anapofika mwaka mmoja bila kukaa, na wakati huo kinachoweza kufanywa ni kidogo. Kwa mtoto aliyezaliwa mapema sana, mishipa ya damu iliyo kando ya vyumba vya maji ndani ya ubongo ni myembamba mno, na shinikizo la damu likipanda na kushuka ghafla mishipa hiyo hupasuka. Sehemu kubwa ya uvujaji huo wa damu hutokea ndani ya siku tatu za kwanza. Pamoja na hilo ipo hatari nyingine isiyopiga kelele: sehemu nyeupe ya ubongo inakuwa bado na seli changa ambazo kazi yake ni kuzifunika nyuzi za neva kwa utando wa mafuta, na seli hizo hufa kwa urahisi zikikosa oksijeni au mwili ukishambuliwa na maambukizi. Matokeo yake, kwa baadhi ya watoto, ndiyo huo tunaouita mtindio wa ubongo. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuurudisha ubongo wa njiti katika hali yake baada ya madhara kutokea. Dawa zenye ushahidi ni za kuzuia, na zile za mwanzo kabisa hupewa mama wakati mtoto bado yumo tumboni. Ndiyo maana katika tathmini hii naipima huduma kwa saa ya ukutani kabla ya kuipima kwa idadi ya inkubeta.

Chupa yangu ilipasuka usiku, tukafika kituo cha karibu na nyumbani saa 4. Muuguzi alitupokea kwa adabu, akanipima, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kisha akaniambia, "Mama, njia bado haijafunguka, subiri kuche." Mama mkwe wangu, ambaye amezalisha wanawake wengi kijijini kabla ya zahanati kujengwa, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, mimba hii ni ya miezi sita na siku, hapa si mahali pake," naye akajibiwa kwamba barua ya rufaa itaandikwa na daktari wa zamu, ambaye alikuwa amelala. Tuliondoka saa 10 alfajiri. Saa sita zilikwisha hivyo, bila mtu kunitukana na bila mtu kunikosea heshima, na kwa kweli nyingine zote nilizowahi kupoteza hazinisumbui kama hizo.

Naomba lawama yangu ieleweke vizuri, kwa maana wapo watakaosema kituo kile kilipaswa kunichoma sindano za kukomaza mapafu pale pale. Sidhani. Sindano hizo ni za steroidi, kwa kawaida deksamethasoni miligramu 6 kila baada ya saa 12 mara nne, na ushahidi wake ulianza mwaka 1972 kwa kazi ya Liggins na Howie huko New Zealand. Tangu hapo imeonekana kwamba zinapunguza vifo, zinapunguza shida ya kupumua, na pia zinapunguza uvujaji wa damu kwenye ubongo, jambo ambalo jina la "sindano za mapafu" linalificha. Hata hivyo, mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, ambapo sindano hizo zilisambazwa hadi ngazi za chini za huduma, na vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka badala ya kupungua. Miaka mitano baadaye utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan ukaonyesha kuwa deksamethasoni inaokoa maisha ya watoto njiti, mradi umri wa mimba unajulikana kwa uhakika na hospitali ina uwezo wa kumtunza mtoto atakayezaliwa. Dawa ni ile ile, na mahali inapotolewa pakabadilisha matokeo. Kwa hiyo kosa la kituo cha kwanza halikuwa kuninyima sindano. Kosa lilikuwa kunikalisha mahali ambapo sindano hiyo isingefaa kutolewa, huku mahali panapofaa pakiwa mwendo wa nusu saa kwa gari.

Hospitalini nilichomwa sindano ya kwanza saa 11 alfajiri na ya pili saa 11 jioni, na mtoto akazaliwa saa 4 usiku. Saa 17 zilikuwa zimepita tangu sindano ya kwanza; bila ule usiku wa kusubiri, zingekaribia 24, muda ambao madaktari hupenda kuufikia ili dawa ifanye kazi yake yote.

Jambo lililonifanya niipe hospitali hii heshima kubwa ni magnesiamu. Wanawake wengi wa hapa wanaijua magnesiamu kama dawa ya kifafa cha mimba, na hata muuguzi mmoja kijana, alipoona imeandikwa kwenye faili langu, alirudi kwa mkunga mkuu kuuliza kama kuna makosa, kwa kuwa presha yangu ilikuwa sawa. Mkunga mkuu akamwambia, huku akiandaa kanula, "Hii si ya mama, hii ni ya ubongo wa mtoto." Gramu 4 ziliingia taratibu kwa dakika 20, kisha gramu 1 kila saa hadi nilipojifungua. Joto lilianzia mkononi, likapanda begani, likafika kooni na usoni kama mtu aliyeinamia sufuria la maji ya moto, na ulimi ukawa mzito. Mkunga alikuwa amenieleza yote hayo mapema, kwa hiyo sikuogopa. Kila alipopita alinigonga goti kwa kinyundo kidogo cha mpira kuona kama mguu unaruka, akahesabu pumzi zangu, akaangalia mkojo kwenye mfuko, na kwenye meza ya pembeni ilikuwepo kalsiamu tayari, iwapo magnesiamu ingezidi mwilini. Hayo ndiyo mambo ambayo mzazi anaweza kuyaona kwa macho yake bila kusomea udaktari.

Ushahidi wa magnesiamu ni wa kweli ingawa si wa miujiza. Mwaka 2009 majaribio matano yenye watoto zaidi ya 6,000 yalijumlishwa, ikaonekana kwamba wakipewa dawa hii wanawake wapatao 63 wanaokaribia kujifungua mapema, mtoto mmoja anaepushwa na mtindio wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza mimba ikiwa chini ya wiki 32. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotolewa mwaka 2023, ambao uliwachukua wanawake wenye mimba za wiki 30 hadi 34, haukuona faida hiyo, na kwa hiyo hospitali isiyoitoa katika wiki ya 33 haipaswi kulaumiwa. Mimi nilikuwa na wiki 29. Mmoja kati ya 63 ni hesabu inayoonekana ndogo kwa anayeisoma kwenye karatasi, lakini dawa hii haina gharama kubwa, imekaa kwenye kabati za wodi za wazazi tangu zamani, na hakuna mama ambaye angekubali mtoto wake awe ndiye huyo mmoja aliyekosa kinga.

Mtoto alipotoka tumboni, mkunga hakukimbilia kukata kitovu; alisubiri dakika nzima, mtoto akiwa amefunikwa. Siku tatu za mwanzo, kila alipokuwa kitandani, alilazwa chali, kichwa kikiwa kimenyooka sawa na kifua, huku kanga mbili zilizokunjwa zikikizuia kisianguke upande. Kanga moja ilikuwa yangu, ya kijani, na jina lake lilikuwa limejificha ndani ya mkunjo. Wauguzi walifanya kazi zao kwa pamoja, kumbadilisha, kumpima joto na kumpa maziwa kwa mpira wa puani, ili asisumbuliwe kila mara na shinikizo la damu yake lisipande na kushuka ovyo.

Dawa ya tatu ninayotaka kuizungumzia ni kafeini, na hapa sifa zangu zinachanganyika na malalamiko. Mtoto njiti husita kupumua. Kifua kinatulia ghafla, midomo inabadilika rangi, na muuguzi humpapasa nyayo ili akumbuke. Kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa chungu inayouzwa vibarazani Ngamiani, huuamsha ubongo usisahau kupumua. Naomba mtu yeyote asidhani kwamba kahawa yenyewe inaweza kupewa mtoto. Dawa hii ni kimiminika safi kilichopimwa, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi ya kwanza na kiasi kidogo zaidi kila siku baada ya hapo. Faida yake kwa ubongo iligunduliwa karibu kwa bahati. Utafiti ulioandikisha watoto 2,006 wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,250 ulianzishwa ili kujua kama kafeini ni salama, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yakaonyesha kwamba waliopewa kafeini walipata mtindio wa ubongo kwa asilimia 4.4, na wasiopewa kwa asilimia 7.3. Mwanangu, kwa uzito wake, angeweza kabisa kuwa mmoja wa watoto wale.

Alipewa kafeini siku ya kwanza. Siku ya tisa, Jumamosi, ikaisha. Baba yake alizunguka maduka ya dawa ya mjini kwa bajaji tangu asubuhi hadi magharibi na hakuipata. Kwa siku nne mtoto alipewa aminofilini, dawa ya zamani ya jamii moja na kafeini, ambayo ni nafuu kuliko kukosa kabisa, lakini moyo wake ulikwenda mbio na ikabidi dozi ipunguzwe mara mbili. Hospitali inayojua kwamba kila mwezi itapokea watoto chini ya kilo moja na nusu inapaswa kuagiza dawa hii kabla chupa ya mwisho haijafunguliwa. Kwa upande huu huduma ilipwaya, na nilimwambia hivyo mfamasia mwenyewe, naye alinisikiliza.

Siku ya tano alipigwa ultrasaundi ya kichwa kupitia utosini. Daktari alitumia jeli iliyopashwa joto kwanza kiganjani mwake, jambo dogo ambalo sitalisahau, kisha akanionyesha kwenye kioo alama nyeupe iliyoanzia kando ya chumba kimoja cha maji na kuingia ndani yake. Damu ilikuwa imevuja, daraja la pili kati ya madaraja manne. Nilimuuliza kama ipo dawa ya kuisafisha au ya kuuponya ubongo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mengi kwenye simu usiku ule.

Jibu lake ndilo lililonifanya niiamini wodi ile kuliko mashine zake zote. Aliketi, akasema wazi kwamba hakuna. Nilipomtajia erithropoyetini, ambayo wagonjwa wa figo huchomwa ili kuongeza damu, alikubali kwamba ilibeba matumaini makubwa: kwa wanyama wa maabara ililinda ubongo, na utafiti mmoja wa China uliotoka mwaka 2016 ulionyesha nafuu kwa dozi ndogo. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani, uliowachukua watoto 941 waliozaliwa kati ya wiki 24 na kabla ya wiki 28 na kuchapishwa mwaka 2020, haukuona tofauti yoyote katika vifo wala ulemavu wa ubongo walipofikisha miaka miwili. Akanieleza pia habari ya indomethasini, ambayo mwaka 2001 ilionekana kupunguza uvujaji mkubwa wa damu kutoka asilimia 13 hadi 9 kwa watoto walio chini ya kilo moja, na hata hivyo walipofikisha mwaka mmoja na nusu watoto wale hawakuwa na afadhali kuliko wenzao. Picha ya ubongo ilikuwa bora, maisha ya mtoto hayakubadilika. Melatonini na seli shina, alisema, bado ziko mikononi mwa watafiti. "Dada yangu, nikikuandikia mojawapo leo, nitakuwa nakutibu wewe wasiwasi, simtibu mtoto." Niliumia kuyasikia, na nilimshukuru.

Namweka daktari huyo kando ya duka moja la dawa la mjini, ambalo nalo nimeona ni wajibu wangu kulitathmini ingawa silitaji. Wiki mbili baada ya kuruhusiwa nilikwenda kununua vitamini D. Muuzaji alipomwona mtoto alivyo mdogo, akatoa kwenye kioo kichupa cha matone "ya kukuza ubongo wa njiti", shilingi 35,000, akasema akina mama wote wa wodini huja kununua. Niliomba karatasi ya ndani. Dawa ilikuwa piracetam, na katika karatasi ile ndefu hapakuwa na neno moja kuhusu watoto njiti. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati yanaitaja kafeini, yanataja maziwa ya mama, yanataja kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi. Matone hayo hayamo. Mama aliyekuwa nyuma yangu, aliyetoka Pangani na mtoto mgongoni, alikuwa tayari ameshika noti mkononi. Nilimwita pembeni, nikamwambia, "Mama, hiyo hela mnunulie nauli ya kliniki." Muuzaji alikasirika, na sikujali.

Wapo wanaosema kwamba kumpa mtoto dawa isiyo na uhakika hakuna hasara, kwamba tujaribu tu. Sisi watu wa mkoa huu tuna sababu ya kutosema hivyo. Hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa miongoni mwa hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti uliotolewa mwaka 2011 kuhusu watoto zaidi ya 3,000 walioletwa na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, ambapo kuwapa maji mengi ya mishipa kwa haraka, jambo ambalo kila mtu aliliona ni la busara, kulionekana kuongeza vifo. Watoto wa Muheza wameufundisha ulimwengu kwamba nia njema inahitaji kupimwa. Sioni kwa nini ubongo wa njiti upewe heshima ndogo kuliko hiyo.

Kuhusu kangaruu, yaani kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, nitasema machache kwa sababu wodi hii inaifanya vizuri na hakuna la kulalamikia isipokuwa viti. Mtoto alifungwa kifuani kwangu kwa kanga tangu siku ya pili, mashine ya kusukuma hewa ikiwa bado puani. Zamani tuliambiwa tusubiri mpaka atulie. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8, ulionyesha kwamba kuanza mara baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo kwa robo. Viti vya plastiki visivyo na mgongo, hata hivyo, haviwezi kumweka kwa saa kumi na mbili mfululizo mama aliyetoka kujifungua. Baba yake alileta kiti cha kulalia kutoka nyumbani Pongwe, na kilipobaki kwetu bila kazi tulikiacha wodini.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni ufuatiliaji. Kliniki ya maendeleo ya watoto hawa ni siku moja kwa wiki, asubuhi tu, na mtu wa mazoezi ya viungo ni mmoja. Kila anapomwona mtoto hufanya kazi nzuri: alimlaza binti yangu kifudifudi juu ya mkeka, akasogeza njuga taratibu kutoka kushoto hadi kulia, akahesabu kimoyomoyo muda ambao kichwa kilibaki juu, akaniambia mguu wa kulia umekaza kidogo na akanifundisha namna ya kumnyoosha kila ninapombadilisha nepi. Lakini picha ya ultrasaundi ya siku ya tano haikuwemo kwenye faili, na kama nisingeipiga picha kwa simu siku ile, asingejua aanzie wapi. Katika watoto kumi na mmoja tuliokuwa nao wodini tarehe moja, nimewaona wanne kliniki. Mama wa Pangani hajaja bado. Namba yake iko kwenye daftari la wodi, ukurasa wa mbele, na nimeomba mara mbili kwamba apigiwe.